Mkesha sio dawa ya asiyelala

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeganda kwenye Marko 2, wale watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza mpaka wakatoboa paa, na kilichoniweka hapo ni mume wangu. Wengi wenu mnajua hapati usingizi. Alichokipitia sitakisimulia, ni chake mwenyewe, ila mwenye kuishi na mtu aliyeumizwa atanielewa nikisema usiku wa manane kwetu ndio mchana. Anashtuka ameloa jasho, anaenda kukagua komeo la mlango, anarudi anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kidogo tu anainuka tena kulikagua komeo lile lile. Akiwa kwenye ndoto simgusi, nasimama mbali kidogo nalitaja jina lake, namwambia uko nyumbani, ni mimi.

Sasa mwangalieni yule aliyepooza. Marko hasemi kama aliomba kupelekwa, anasema Yesu aliiona imani yao, na hao ni pamoja na wale wenye mikono kwenye kile kitanda. Mtu ambaye hajalala kwa muda mrefu hana nguvu ya kupanga foleni na kujieleza, tena ukimwacha aingie kwa daktari peke yake atasema niko sawa tu nimechoka kidogo, basi anaandikiwa vidonge anarudi nyumbani. Sisi tulipoanzia ilikuwa hivyo hivyo, vidonge vya usingizi, hakuna aliyeuliza kimempata nini. Kwa hiyo ndugu yangu mke, ndugu yangu mume, akikuruhusu ingia naye. Usiseme halali ukanyamaza, sema halali tangu yalipompata yale, manake hiyo sentensi ndiyo inayobadilisha matibabu. Beba daftari la kama wiki 2: kalala saa ngapi, kaamka mara ngapi, ndoto, kahawa, pombe, dawa anazotumia, na kama anakoroma mpaka pumzi inakatika lazima useme, kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini ambao nao unatibiwa na mara nyingi unajificha nyuma ya hili.

Na ombeni mpelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia anayejua kutibu kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha. Zipo tiba za mazungumzo kwa ajili ya kiwewe chenyewe, na ipo ya kukosa usingizi ambayo madaktari wanashauri ianze kabla ya vidonge. Vile vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam vinaweza kumfanya mtu awe tegemezi na kiwewe kinabaki pale pale, ila kama ameshavizoea asiviache ghafla, ni hatari, daktari ndiye anampunguzia taratibu.

Hapa nilitaka niendelee na Zaburi lakini moyo unanisukuma niseme hili. Wapendwa, tuache kuwapiga watu na Zaburi ya 127. Jamani, humpa mpenzi wake usingizi, ndiyo, ni neno la Mungu, lakini ukimsomea mtu ambaye hajafumba macho siku nyingi kwa sauti ya kumuuliza basi wewe umemkosea nini Mungu, hujamfariji, umemwongezea mzigo alale nao. Ayubu alilalamika kwamba akisema kitanda kitamtuliza ndipo ndoto zinamtisha, na Mungu mwenyewe alimshuhudia Ayubu kuwa mwenye haki. Halafu mtu huyo huyo asiyelala tunamwambia aje mkesha afunguliwe! Anakuja, anakesha na sisi, asubuhi sisi tunaenda kulala, yeye anarudi na usiku mwingine ule ule. Nabii Elia alipolala chini ya mti wa mretemu akasema yatosha, uiondoe roho yangu, malaika hakumkemea wala hakumfungisha. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mfalme Hezekia naye alipougua alishaomba, alishaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Sasa sisi ni nani tumzuie mtu kwenda hospitali kwa jina la imani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na kuna nyumba zimeficha hili kwa sababu zinatuogopa sisi kanisani. Inaniuma sana.

Na mwenzako akisema maneno kama ya Elia, heri nife, usingoje ibada wala miadi, mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho. Utamwombea njiani.

Wengine mtauliza na anayebeba je? Naye alale. Wale walikuwa wanne, hakuna aliyebeba kitanda peke yake. Mimi nimemwomba dada mmoja wa ushirika achukue watoto siku za kliniki ili nami nikirudi nijinyooshe hata saa moja, na amekubali. Kwa sasa msitualike mkesha. Tuombeeni mkiwa majumbani kwenu, na anayeweza kutupeleka kliniki ijayo, mume wangu akiwa hajalala hapaswi kushika usukani, anitafute kabla ya Jumapili.