Soda ya Senti Tano: Bei na Maisha ya Marekani Mwishoni mwa Miaka ya Hamsini

Mtu anayeishi Wichita, katika jimbo la Kansas, na kufanya kazi ya kuwatunza wazee kama ninavyofanya mimi, hakosi kusikia habari za bei za zamani. Wazee wenye umri wa miaka themanini na mitano hivi leo walikuwa vijana kati ya 1956 na 1959, na bei za siku hizo wanazitaja bila kusita: chupa ndogo ya Coca-Cola senti 5, hambaga ya McDonald's senti 15, galoni ya petroli senti 30 hivi, na stempu ya barua senti 3 hadi Agosti 1958, ilipopandishwa ikawa senti 4. Ndugu zetu wanaofika kutoka Mombasa, Arusha au Kampala, ambao kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza imekwisha kuwatoa jasho, wakizisikia bei hizo huona kwamba Marekani ile ilikuwa nchi ya neema na kwamba sisi tumechelewa kufika. Nimelifuatilia jambo hili kwa kuwasikiliza wazee na kwa kusoma, na nimeridhika kwamba bei peke yake haiwezi kutueleza maisha yalikuwaje. Lazima tujue mtu alilipwa nini kwa saa, na lazima tujue duka lenyewe lilimpokea nani.

Kuanzia Machi 1956 kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu kilikuwa dola 1 kwa saa, na kilibaki hapo hadi 1961. Mwaka 1958 dazani ya mayai iliuzwa karibu senti 60, yaani dakika 36 za kazi. Mkate wa ratili moja ulikuwa karibu senti 20, yaani dakika 12. Kuku aliuzwa zaidi kidogo ya senti 45 kwa ratili, kwa hiyo kuku wa ratili tatu alichukua zaidi ya saa nzima ya kibarua. Leo hapa Kansas kima cha chini ni dola 7.25, kiwango ambacho hakijapanda tangu Julai 2009, na naona ni aibu kwa nchi yenye utajiri kama huu. Lakini hata kwa malipo hayo duni, dazani ya mayai ya dola 3 inapatikana kwa dakika 25. Chakula cha siku zile, kikipimwa kwa jasho, kilikuwa ghali kuliko cha leo. Vifaa vya umeme ndivyo vilivyozidi: televisheni ya kwanza ya rangi ya kampuni ya RCA ilipotoka mwaka 1954 iliuzwa dola 1,000, ambazo kwa mtu wa dola 1 kwa saa ni kazi ya takriban nusu mwaka.

Wazee wana haki ya kusikitika wanapozungumzia nyumba. Sensa ya 1960 ilionyesha kwamba thamani ya kati ya nyumba ya mwenye kumiliki ilikuwa dola 11,900, wakati kipato cha kati cha familia mwishoni mwa miaka ya hamsini kilikuwa dola 5,000 na ushei kwa mwaka. Maana yake ni kwamba nyumba ya kawaida iligharimu kipato cha miaka miwili na kidogo, na leo familia nyingi zinahitaji kipato cha miaka minne au zaidi. Aliyetoka jeshini aliweza kupata mkopo wenye dhamana ya serikali bila kutanguliza hata senti. Mfanyakazi wa kiwandani alipata wastani wa zaidi kidogo ya dola 2 kwa saa, na hapa Wichita viwanda vilikuwa vya ndege: Boeing iliunda ndege za kijeshi za B-52, na Cessna na Beech ziliunda ndege ndogo. Baba mmoja mwenye kazi ya aina hiyo aliweza kumiliki nyumba, gari na jokofu, na mke akabaki na watoto. Si ndoto, wapo wazee ninaowahudumia ambao bado wanaishi katika nyumba walizonunua namna hiyo.

Hata hivyo mambo hayakuwa shwari wakati wote. Kuanzia mwaka 1957 uchumi ulidorora, na kufikia kiangazi cha 1958 wasio na kazi walikuwa zaidi ya asilimia 7. Katika msimu huohuo, Juni 1958, ndugu wawili wa hapa mjini, Dan na Frank Carney, walikopa dola 600 kwa mama yao wakafungua duka dogo la piza, nalo ndilo lililokuja kuwa Pizza Hut. Barabara nazo zilikuwa zinabadilisha kila kitu. Sheria ya 1956 ilianzisha mtandao wa barabara kuu za taifa, ambao asilimia 90 ya gharama zake ilibebwa na serikali kuu, na mwaka huohuo ikafunguliwa barabara ya kulipia inayotoka Kansas City kupitia Topeka na Wichita hadi mpaka wa Oklahoma. Vijana wakapata mahali pa kwenda na magari ya baba zao: sinema za wazi ambamo watu walitazama picha wakiwa ndani ya gari, na migahawa ambamo mhudumu alileta chakula dirishani.

Kilichounganisha watu hao wote jioni ni televisheni. Mwaka 1950 ni nyumba 9 katika kila 100 zilizokuwa nayo. Kufikia 1960 zilikuwa 87. Hadi wakati huo hakuna kifaa kingine kilichokuwa kimeingia majumbani kwa kasi hiyo. Michezo ya wachunga ng'ombe wenye bastola ilitawala, na ule uliotazamwa kuliko yote kuanzia 1957 hadi 1961 ulitungwa kana kwamba unatokea Dodge City, mji wa hapahapa Kansas. Mashindano ya maswali na majibu yalipendwa hadi ilipobainika kwamba baadhi ya washindani walipewa majibu mapema; Charles Van Doren, mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa kipenzi cha taifa, alikiri hivyo mbele ya kamati ya Bunge mwezi Novemba 1959, na wazee wanaolikumbuka jambo hilo hulizungumzia kwa uchungu hadi leo. Mwaka 1958 watoto walizungusha pete kubwa za plastiki kiunoni, na Machi 1959 akaingia mwanasesere Barbie, kwa dola 3.

Muziki ndio ninaoupenda zaidi katika habari hizi, kwa sababu ndani yake ukweli wa nchi ulikuwa wazi. Elvis Presley alionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan Septemba 1956, akatazamwa na mamilioni, na Machi 1958 akaitwa jeshini. Lakini mdundo alioubeba ulikuwa wa watu weusi, na wenyewe walikuwapo na walikuwa wakirekodi: Chuck Berry wa St. Louis, Little Richard wa Georgia, Fats Domino wa New Orleans. Kijana wa Kizungu wa Kansas aliweza kununua santuri ya Chuck Berry, kwa bei ya chini kidogo ya dola 1, akaicheza chumbani kwake usiku kucha. Mwimbaji huyohuyo akifika katika miji mingi ya kusini kuimba, wasikilizaji walitenganishwa kwa rangi zao, naye hakuruhusiwa kulala katika hoteli ya hao waliolipa kumsikiliza. Nat King Cole alipewa kipindi chake katika televisheni ya NBC kuanzia Novemba 1956, wageni wakubwa wakajitokeza kuimba naye, lakini hakuna kampuni ya kitaifa iliyokubali kukidhamini, na mwishoni mwa 1957 kikaisha.

Ndiyo maana nasema bei haitoshi. Katikati ya Wichita, katika barabara ya Douglas, palikuwa na duka la dawa la Dockum lililokuwa na kaunta ya soda na vyakula vyepesi, kama yalivyokuwa maduka ya dawa ya enzi hiyo. Mtu mweusi aliweza kununua soda hapo kwa bei ileile, lakini ilimbidi aondoke nayo; kukaa kwenye kiti hakuruhusiwa. Na hapa si kusini; ni Kansas, jimbo ambalo kesi ya shule za Topeka, iliyofanya Mahakama Kuu ya nchi ipige marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi, ilikuwa imekwisha kulifanya maarufu mwaka 1954. Julai 1958 vijana wa tawi la vijana la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, miongoni mwao Ron Walters na Carol Parks, wakiwa wamefanya mazoezi katika chumba cha chini cha kanisa Katoliki la Mtakatifu Petro Claver, walivaa nguo zao nzuri wakaenda kuketi kwenye kaunta hiyo na kuagiza. Hawakuhudumiwa. Wakarudi tena na tena kwa takriban wiki tatu, kwa utulivu, wakivumilia matusi, hadi Agosti mwenye duka alipoona hasara imezidi akaamuru wahudumiwe. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya wanafunzi wa Greensboro, North Carolina, kufanya hivyohivyo, nao ndio walioandikwa zaidi vitabuni. Nawaheshimu sana vijana hao, na inaniuma kwamba Waafrika wengi tunaoishi katika mji huu hatujui walichofanya.

Nyumba za bei nafuu nazo zilikuwa na mlango wa namna hiyo. Idara ya serikali iliyodhamini mikopo iliepuka mitaa ya watu weusi, na wajenzi wakubwa waliwakatalia kabisa. Agosti 1957 familia ya kwanza ya watu weusi, ya William na Daisy Myers, ilipohamia Levittown, Pennsylvania, makundi ya watu yalikusanyika usiku baada ya usiku na mawe yakarushwa madirishani. Katika miaka hiyo kipato cha kati cha familia nyeusi kilikuwa zaidi kidogo tu ya nusu ya kile cha familia ya Kizungu. Hata ile dola 1 kwa saa haikuwa ya kila mtu: sheria iliwaacha nje vibarua wa mashambani, watumishi wa majumbani, na wengi wa wahudumu wa maduka na migahawa. Hizo ndizo zilizokuwa kazi za akina mama weusi wengi.

Katika Marekani hiyo ndimo walimoingia wazee wetu. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alizunguka nchi hii akiomba nafasi za masomo, akasaidiwa na watu weusi mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na Septemba mwaka huo ndege iliyokodiwa ilileta New York wanafunzi 81. Kwa kuwa pauni 1 ya Uingereza, iliyokuwa shilingi 20, ilikuwa dola 2.80, dola 1 ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14 za Afrika Mashariki, kwa hiyo mwanafunzi aliyeagiza hambaga ya senti 15 alikuwa akilipa zaidi ya shilingi nzima ya nyumbani. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuja kusoma katika chuo cha masista cha Mount St. Scholastica huko Atchison, hapahapa Kansas. Katika kumbukumbu zake ameeleza kwamba wakiwa safarini kwa basi kutoka New York, huko Indiana, yeye na mwenzake waliingia mgahawani kununua kinywaji baridi, wakaambiwa wanaweza kununua lakini hawawezi kukaa ndani kunywa. Wanafunzi kutoka nchi zilizokuwa bado chini ya mkoloni walikutana na kaunta ileile waliyokuwa wameikalia vijana wa Wichita.

Sheria ya haki za raia ya 1964 iliifungua kaunta hiyo kwa wote nchini. Mshahara ulichukua muda mrefu zaidi. Wafanyakazi wa mashamba makubwa, wa hoteli, wa migahawa na wa makao ya wazee waliingizwa kwa marekebisho ya 1966, na watumishi wa majumbani mwaka 1974. Hata hapo waliobaki nje ni wengi wa wanaowatunza wazee na wagonjwa majumbani mwao, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi tunaifanya leo kuanzia Kansas hadi Minnesota, na ambayo kwa sehemu kubwa haikupata ulinzi wa kima cha chini na malipo ya saa za ziada hadi mwaka 2015.