Sadaka Iliyorudishwa na Uhuru wa Mimbari

Tangu Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alipotangaza, tarehe 18 Novemba 2024, kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia mojawapo ya jimbo lake zingerudishwa, waamini wengi wameniuliza swali moja, wengine kwa furaha na wengine kwa masikitiko: je, Kanisa lina haki ya kukataa sadaka? Ni swali la haki kabisa, nami nikiwa askofu nataka kulijibu hapa kwa utaratibu kuliko ninavyoweza kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni pa kanisa baada ya Misa.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba, Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilitoa tamko lililolalamikia utekaji wa raia, mzigo wa kodi, ahadi zisizotimizwa na mazoea ya uongo katika uongozi wa nchi. Jumapili iliyofuata Rais alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre, akawapa kwaya na PMC, yaani kikundi cha watoto wamisionari, shilingi 600,000, kisha akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia. Siku moja baadaye Askofu Mkuu alieleza kwamba utoaji wa namna hiyo ulikwenda kinyume na maelekezo ya Kanisa, na pia na muswada wa sheria ya michango ya umma wa mwaka 2024. Kwa hiyo kilichotolewa kingerudishwa na kilichoahidiwa kisingepokelewa.

Sheria ya Kanisa haikulisahau jambo hili. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka zisikataliwe isipokuwa kwa sababu ya haki, na hapo hapo inaagiza kwamba zile zilizotolewa kwa kusudi maalumu zitumike kwa kusudi hilo tu. Kwa hiyo kawaida yetu ni kupokea, na anayekataa ndiye anayepaswa kutoa sababu. Sababu ya haki katika shauri hili naiona wazi. Simhukumu mtoaji, kwa kuwa moyo wake unajulikana na Mungu peke yake. Lakini wachungaji walikuwa wamesema neno zito mbele ya taifa, na kabla wiki haijaisha fedha nyingi zikawekwa hadharani ndani ya kanisa, kamera zikiwaka; kuzinyamazia kungemfanya mwamini wa kawaida aamini kwamba neno lile lilikuwa na bei, na kwamba bei yenyewe imekwisha kulipwa.

Nimekuwa nikirudia kusoma sura ya tano ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, habari za Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyetakaswa ukoma. Alikuwa amekuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi, na alipopona alimsihi Elisha apokee zawadi. Hakuwa na hila. Ilikuwa shukrani ya kweli ya mtu aliyeponywa. Hata hivyo Elisha alikataa, kwa sababu uponyaji ulikuwa wa Mungu wala haukuwa kitu cha kulipiwa. Ndipo Gehazi, mtumishi wake, akalikimbilia gari la Naamani akidai kwamba vijana wawili wa manabii wamefika kutoka milima ya Efraimu nao wanahitaji talanta moja na mavazi mawili. Hapo ndipo ninapokaa kwa muda mrefu. Gehazi hakuomba kwa jina lake mwenyewe. Aliomba kwa jina la vijana wenye shida, na Naamani akamwongezea talanta ya pili kwa moyo mkunjufu. Sisi tulio na parokia za kujenga tunayo shida ya kweli kila wakati: paa linavuja, kisima hakijachimbwa, nyumba ya paroko imeishia kwenye linta. Kwa kuwa shida ni ya kweli, ni rahisi sana kuifanya kibali cha kukimbilia kila gari lipitalo.

Wazee wanaomkumbuka Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, wanajua ninachokitetea. Aliupinga upigaji kura wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo watu walipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea wao, na mapigano yalipowaka katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwatetea hadharani watu waliofukuzwa mashambani mwao wakati viwanja vya makanisa vilipokuwa vimejaa familia zisizo na pa kulala. Maneno kama yale hayasemeki na mtu ambaye mwezi uliopita alipanga foleni ya kupewa gari.

Lakini fedha zikisharudishwa, nyumba ya mapadre bado inatakiwa kujengwa, na hapa nasema na sisi wenyewe zaidi kuliko na serikali. Katika ziara zangu za kichungaji huwa naomba nioneshwe daftari la mtunza hazina wa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Moja ninalikumbuka vizuri: daftari la shule lenye mistari, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi, na ndani yake, jumuiya kwa jumuiya, yameandikwa mambo kama trei moja ya mayai, debe la mahindi, shilingi 50, kuku jogoo, na mbele ya majina ya vijana wasio na fedha yameandikwa maneno “siku mbili, zege”. Kutoka katika kurasa hizo lilikuwa limesimama kanisa la matofali lenye nafasi ya watu wa vitongoji vyote vya hapo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Harambee ya mgeni rasmi hulijeruhi daftari hilo kwa namna tusiyoiona haraka. Mchango wa mheshimiwa hutangazwa kwa kipaza sauti na kushangiliwa, ilhali trei ya mayai inaingizwa sakristia kimya kimya. Baada ya mara mbili tatu, mama aliyeileta anaanza kujiuliza mayai yake yana kazi gani. Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina akawaona matajiri wakitia vingi, lakini akawaita wanafunzi wamwangalie mjane mwenye senti mbili. Maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walitamani Kanisa la mahali linalojihudumia, linalojieneza na linalojitegemea, na wakaona kwamba njia yake ni jumuiya ndogondogo. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na katika parokia zetu kadhaa neno hilo la tatu bado linasubiri msimu wa kampeni.

Sehemu ya dawa iko mikononi mwetu mapadre na maaskofu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Mwamini anayetuma zaka yake kwa simu kila mwezi, asione hata siku moja karatasi ya mapato na matumizi, hawezi kulaumiwa akipunguza. Pale ambapo hesabu husomwa wazi, hata zikiwa na upungufu, nimeona watu wakiendelea kutoa na kuuliza maswali mazuri.

Wanasiasa nao ni wabatizwa wenzetu wengi wao, na hakuna anayewafukuza. Mwaka 2021 maaskofu walisema kwamba altareni si mahali pa siasa, na maana yake ni kwamba mheshimiwa aketi benchini, asikilize Neno, apokee Sakramenti akiwa amejiandaa, na atie bahasha yake katika kikapu kama jirani yake. Wananchi wanaojua mshahara wa mbunge wao wana haki pia ya kuuliza mamilioni yanayogawiwa Jumapili baada ya Jumapili yanatoka wapi, wakati zahanati ya kata haina dawa. Swali hilo lisipoulizwa kanisani, sijui litaulizwa wapi.

Kwa jimbo letu nimeagiza hivi: mchango wowote wa kiongozi wa kisiasa unaozidi sadaka ya kawaida ya mwamini usipokelewe na paroko kabla ya kuniandikia, kusiwe na utambulisho wa wageni wala hotuba kabla ya baraka ya mwisho, na kuanzia Dominika ya Kwanza ya Majilio hesabu za parokia zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu, zikiwa zimetiwa sahihi na baraza la uchumi. Hesabu za ofisi yangu zitabandikwa kwenye ubao wa kanisa kuu siku hiyo hiyo.