Roki Inayojua Kungoja: Nyimbo Nilizozipenda Kati ya 2000 na 2009

Masikio yangu yalilelewa na taarab ya asili kabla hayajakutana na gitaa la umeme, na nadhani hiyo ndiyo sababu nyimbo za roki mbadala ninazozipenda za mwongo ule si zile zinazosifiwa sana na magazeti ya London na New York. Mtu aliyezoea kukaa kitako akasikiliza bashraf nzima, fidla, kanuni na udi vikipokezana kabla mwimbaji hajasimama, hana pupa ya kufika kwenye kiitikio. Anataka aone wimbo ukijengwa mbele yake. Kwa hiyo ninaupima kila wimbo kwa jambo moja, nalo ni namna unavyoutumia muda ambao msikilizaji anangoja.

Kwa kipimo hicho, ulio juu kabisa ni "All My Friends" wa LCD Soundsystem, uliotoka 2007 katika albamu ya "Sound of Silver". Unazidi dakika saba, na piano inayoufungua inarudia kitu kile kile mpaka mwisho. Inapigwa kwa vidole vya mtu, tena vinavyotetereka kidogo hapa na pale, na ukisikiliza kwa makini utahisi kwamba mpigaji anakaribia kupotea kisha anajishika. Ngoma zinaingia, besi inafuata, gitaa linajongea, na hakuna chombo kinachomfukuza mwenzake aliyetangulia. James Murphy anapoanza kuimba habari za mtu ambaye ujana unamponyoka na marafiki wametawanyika, wewe msikilizaji umeshakubali kwamba wimbo huu hauna haraka na wewe huna pa kwenda. Wapo wanaosema ungefupishwa. Ukifupishwa hautabaki kitu.

Wa pili ni "Maps" wa Yeah Yeah Yeahs, wa mwaka 2003, na huu una kisa nyumbani kwetu Kikwajuni, hapa Unguja. Ami yangu, ambaye amepiga fidla kwa miaka mingi na hajui neno la Kiingereza zaidi ya salamu, aliusikia ukitoka chumbani kwangu akasimama mlangoni. Gitaa la Nick Zinner lilikuwa linatetema juu ya noti moja, ngoma za Brian Chase zinazunguka chini yake, na Karen O analirudia ombi lake kwa maneno machache.

"Mwanangu, huyu bibi anapeleka ujumbe kwa mtu," akasema.

"Ndiyo, ami. Kwa mpenzi wake."

"Basi mwambie asirudie sana. Mwenyewe ameshasikia."

Alikuwa amepatia bila ya kuelezwa. Wimbo ule Karen O aliutunga kwa ajili ya mpenzi wake wa wakati huo, naye pia alikuwa mwanamuziki, na machozi yanayoonekana katika video yake ni ya kweli, kwa sababu bwana huyo alikuwa amechelewa kufika siku ya kupiga picha. Kwetu sisi, wimbo unaotungwa kwa ajili ya mtu mmoja na kuimbwa mbele ya watu wote si ajabu hata kidogo. Taarab imeishi kwa desturi hiyo. Tofauti ni kwamba mtunzi wetu angelifumba, angesema ua, au lulu, au chombo kilichokwenda joshi, na Karen O hafumbi chochote. Katika suala la kurudiarudia, sikubaliani na ami. Bendi ile haina mpiga besi, na nafasi tupu inayoachwa chini ya gitaa ndiyo inayoyapa maneno yale machache uzito kila yanaporudi.

Roki ya New York ya wakati huo ilianza kunifikia kupitia The Strokes na albamu yao ya "Is This It" ya 2001, ambamo sauti ya Julian Casablancas ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi ili isikike imechakaa, kama mtu anayeongea kwenye simu mbovu. Ninaipenda "Someday" hadi leo, lakini ni wimbo wa kupita, haukai. Interpol walikuja mwaka uliofuata wakiwa na giza zaidi, na "NYC" yao ni taratibu kiasi cha kunitosha. Kutoka Glasgow, Franz Ferdinand walifanya katika "Take Me Out" ya 2004 jambo ambalo bendi nyingi zingeliogopa: wimbo unaanza kwa kasi, na kabla dakika moja haijaisha unapunguzwa mwendo mbele ya macho yako, kisha unabaki na mwendo huo mzito mpaka mwisho. Mpiga ngoma yeyote wa kidumbak anajua kwamba kupandisha kasi ni rahisi kuliko kuishusha bila ya watu kukaa chini.

Radiohead ninawataja kwa sababu mbili. "Reckoner" ni wimbo mzuri kupindukia, wenye manyanga yanayochakacha na sauti ya juu ya Thom Yorke ikielea. Sababu ya pili ni kwamba albamu iliyoubeba, "In Rainbows", ilitolewa kwenye intaneti tarehe 10 Oktoba 2007, na mnunuzi alijipangia bei mwenyewe, hata ikiwa sifuri. Hapa Unguja, ambako kadi za benki zilikuwa za wachache na sidii za bendi kama hizo hazikuonekana Darajani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwangu kupata albamu mpya bila ya kungoja mtu aje nayo kutoka Ulaya. Ni kweli kwamba waya wa intaneti wa chini ya bahari haukufika Dar es Salaam hadi 2009, na kushusha wimbo mmoja kwenye intaneti kafe kuliweza kummaliza mtu pesa na subira.

Mwongo wenyewe ulituishia gizani. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja haikuwa na umeme, na simu tulizichaji kwa kulipia kwenye maduka yenye jenereta. Nyimbo zangu zilikuwa ndani ya memori ya simu, na chaji ilipokuwa haba nililazimika kuchagua nini cha kusikiliza kabla haijazima. Hapo ndipo "Fake Empire" ya The National iliponikaa. Piano yake inachanganya hesabu mbili, tatu dhidi ya nne, na aliyekulia kwenye ngoma hapati tabu kuishika. Anatulia ndani yake mpaka tarumbeta zinapoingia mwishoni.

Vampire Weekend niliwaacha nje, ingawa jina la "Cape Cod Kwassa Kwassa" la 2008 lilinichekesha. Vijana waliosoma chuo kikuu cha Columbia wanataja dansi ya Kikongo ambayo Kanda Bongo Man aliieneza duniani, na gitaa lao ni safi, lakini wanaishia pale ambapo Mkongo angeanza kuchangamka. Aliyezoea sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanachangamka na watu wanacheza, atabaki anasubiri kitu kisichokuja, na huko si kungoja ninakokusifu mimi.

"Seven Nation Army" ya The White Stripes, ya 2003, nayo haimo. Ninajua kwamba lile linalosikika kama besi ni gitaa lililoshushwa oktava moja kwa pedali, na ninastahi ujanja huo, ila viwanja vya mpira vimeuchukua wimbo ule hata siusikii tena kama wimbo. Nafasi yake nimewapa TV on the Radio wa Brooklyn na "Wolf Like Me" ya 2006, ambayo inakimbia tangu mwanzo, inasimama katikati hadi unadhani imekwisha nguvu, kisha inarudi mbio. Mwimbaji wake, Tunde Adebimpe, ni mtoto wa wazazi wa Kinijeria, na kila mgeni anayeniambia kwamba Mwafrika wa roki ni Freddie Mercury peke yake, kwa kuwa alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ninamwekea wimbo huo kwanza ndipo tuendelee na mazungumzo.