Januari Chini ya Bwawa la Buford

Kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 5 chini ya sifuri tulipoegesha karibu na daraja la Barabara Kuu ya 20, kaskazini mwa Atlanta, na mto ulikuwa ukifuka kama sufuria ya githeri. Ilikuwa Jumamosi, Januari 2018, saa moja na nusu asubuhi. Asiyeuzoea Mto Chattahoochee angeuona mvuke ule akarudi kitandani. Kumbe ndio habari njema: hewa imeganda, lakini maji yako nyuzi 8 juu ya sifuri, na katika nyuzi 8 trauti, samaki wa maji baridi tuliyekuja kumvua, bado anakula. Yakishuka hadi 3 au 4, hapo hata ukimpitishia chakula mdomoni anakitazama tu.

Trauti kuishi kando ya Atlanta, mji ambao joto la Julai huwatoa watu jasho hata usiku, ni kazi ya bwawa. Bwawa la Buford lilijengwa miaka ya 1950, na maji yake hutoka chini kabisa katika Ziwa Lanier, ambako jua halifiki. Yanatoka baridi kiangazi na baridi kipupwe. Trauti wa upinde wa mvua hutotoleshwa na kuachiwa mtoni. Wa kahawia nao siku hizi huzaliana wenyewe.

Nilikuwa na shemeji yangu. Yeye amekulia Nyeri, jirani na vijito vya Nyandarua ambako Waingereza walimwaga vifaranga vya trauti mwanzoni mwa karne ya 20, na Chattahoochee alikuwa ameivua miaka mingi kuliko mimi. Kabla hata ya kuunganisha fimbo, alivunja kijiti akakichomeka ukingoni, pale pale maji yalipogusa mchanga.

“Kijiti hiki kikilowa shina, shemeji, tunatoka. Hata kama umeshika papa.”

Kutoka bwawani hadi daraja lile, koti la kuelea ni sheria, na si sheria ya kuonea watu. Mitambo ya umeme ya bwawa ikiwa imelala, mto hupitisha futi za ujazo 600 hivi kwa sekunde na unavuka ukiwa umelowa mapaja. Ikiwashwa, maji hupita 8,000. Unapiga simu ya ratiba asubuhi, unasikiliza saa za kufungulia, na bado huiamini kwa asilimia mia, maana saa hizo zinaweza kubadilika siku hiyo hiyo. Ving'ora vipo, lakini ukiwa katikati ya maporomoko madogo yenye kelele, kijiti ndicho kinachokuambia mapema. Siku ile ratiba ilisema saa tisa alasiri. Tulikubaliana kutoka saa nane.

Tulipanda juu kuelekea Bowmans Island, kisiwa kilicho upande wa bwawani. Njiani alinisimamisha mara mbili nisikanyage changarawe. Trauti wa kahawia hutaga kuanzia Novemba. Jike hupiga mkia chini, akasafisha changarawe, akafukia mayai. Kiota chake unakitambua kwa sababu ni duara jeupe, safi, la ukubwa wa sinia, katikati ya mawe mengine yaliyovaa utelezi wa kahawia. Katika maji ya nyuzi 8 mayai huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa, na vifaranga hubaki humo humo kwenye changarawe kwa muda baada ya hapo. Buti moja linatosha kuwamaliza. Kwa hiyo Januari unatembea juu ya mchanga au miamba, na ukiona sinia unazunguka.

Zana zangu zilikuwa za kawaida: fimbo ya futi 9 ya mshipi namba 5, nailoni ya futi 9, na mwishoni florokaboni, uzi mwembamba mgumu, ya milimita 0.15. Nzi wawili, yaani chambo bandia vilivyofungwa kwenye ndoana vifanane na wadudu. Wa juu alikuwa tunutu, mfano wa mdudu mchanga wa majini, wa manyoya ya ndege aitwaye feasanti, ndoana namba 16. Kwenye mgongo wa ndoana yake nilifunga sentimita 40 za florokaboni ya milimita 0.13, na mwisho wake usubi mweusi, ndoana namba 18. Usubi huyu ndiye mfalme wa kipupwe katika mito ya chini ya mabwawa, na kumfunga hakuzidi dakika tatu: shanga ya tangsteni ya milimita 2, uzi mweusi kutoka shingoni hadi ndoana inapoanza kupinda, waya mwembamba wa fedha mizunguko mitano, basi. Ukinenepesha mwili umemharibu. Usubi wa kweli, akiwa bundo, kabla hajaota mbawa, ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Boya nililoweka lilikuwa la uzi wa sufu, zuri sana mwezi wa Aprili. Katika baridi ya kuganda sufu hunywa maji, maji yanakuwa barafu, na baada ya mitupo kumi unarusha kidonge. Nililitoa nikaweka la plastiki, tupu ndani.

Barafu pia iliziba pete za fimbo. Hili humkuta kila mtu, na kosa ni lile lile: mtu huvuta mshipi kwa nguvu ili barafu itoke, au huipasua kwa kucha. Pete ya nchani ndiyo nyembamba kuliko zote, nayo huondoka pamoja na barafu. Izamishe fimbo mtoni uhesabu hadi kumi. Maji ni nyuzi 8, yataiyeyusha yenyewe. Mafuta ya midomo yakipakwa kwenye pete kabla ya kuanza husaidia kwa nusu saa hivi, halafu unarudi kuzamisha.

Hadi saa nne na nusu sikuwa nimeguswa. Nilibadilisha nzi. Nikaweka yai bandia la rangi ya chungwa, kwa hoja kwamba samaki wanataga. Nikaweka mnyoo mwekundu. Nikarudi kwa usubi, safari hii wa kijivu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kila fundo likichukua dakika tano. Shemeji alikuwa ameshavuta wanne mita thelathini juu yangu, kisha akashuka polepole, akasimama ubavuni.

“Umebadilisha nzi mara ngapi?”

“Sita.”

“Na chubwi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chubwi moja la gramu 0.4, lile lile la tangu asubuhi, na boya mita 1.2 juu yake, katika maji ya kina cha mita 1.2. Kwa hesabu ya darasani nzi walikuwa wanagusa chini. Mtoni si hivyo. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, boya huvuta mshipi, na nzi wananing'inia kwa mshazari, labda nusu mita juu ya vichwa vya samaki. Kiangazi si neno, trauti atapanda. Kipupwe damu yake ni baridi kama maji, hatumii nguvu kufuata kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Unachompa lazima kipite usawa wa pua yake, upana wa kiganja huku au kule.

Hakunipa nzi wake hata mmoja. Alinisogezea boya hadi mita 1.8, yaani kina mara moja na nusu, akaminya chubwi la pili sentimita 20 juu ya tunutu. Kisha akanionyesha mapovu.

“Tazama povu lile na boya lako. Yakienda sawa, nzi hawajafika. Boya likichelewa, likawa kama mzee anayeburuta miguu, ujue wamefika.”

Nilirusha. Boya na povu vilianza pamoja, nikatupa tao la mshipi upande wa juu wa mto ili mkondo usiliburute, na baada ya mita mbili povu likaliacha boya. Katika saa tatu nilizosimama pale sikuwa nimeona hivyo hata mara moja. Kipimo kingine ni uchafu: ndoana ikiokota mwani mara moja katika kila mitupo minne, kina ni sawasawa. Ikiokota kila mtupo, umezidisha, punguza chubwi. Isipookota kamwe, unavua hewa.

Mtupo wa tano au wa sita, boya lilisita. Halikuzama; wanaosubiri lizame kipupwe hurudi nyumbani na hadithi. Lilisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Niliinua fimbo kidogo kuelekea chini ya mto na kitu kizito kikatikisa kichwa mara mbili. Halafu kukawa kimya.

Niliuvuta mshipi nikautazama mwisho wake. Florokaboni ikikatika kwa kuzidiwa nguvu, ncha huwa imenyooka. Yangu ilijikunja kama mkia wa nguruwe, na huo ni ushahidi usiopingika: fundo limefunguka, na aliyelifunga ni mimi. Kwa vidole vya ganzi nilikuwa nimezungusha mara tatu au nne badala ya tano, nikavuta fundo likiwa kavu. Florokaboni ni ngumu. Usipoilowesha kwa mate na kuivuta taratibu hadi mizunguko ijipange, inaonekana imekaza kumbe inangoja samaki. Tangu hapo nikiwa na ganzi natia mikono kwapani dakika nzima kabla ya kufunga chochote. Glavu zisizo na vidole hazitoshi.

Nilifunga upya, nikamrudisha usubi mweusi. Kati ya saa tano na saa saba nilivuta sita, wote kutoka sehemu ile ile isiyozidi urefu wa magari mawili ya matatu, ndani ya kona ambako maji yalikuwa na mwendo wa mtu asiye na haraka. Watano wa upinde wa mvua, sentimita 25 hadi 30, na mmoja wa kahawia aliyepata 38, tumbo la rangi ya siagi. Wanne walikuwa na usubi mweusi mdomoni, yule wa mwanzo kabisa niliyemtoa saa mbili unusu nikidhani hafai.

Hatukumtoa yeyote nje ya maji. Katika hewa ya chini ya sifuri, matamvua huganda upesi kuliko unavyotafuta simu ya kupigia picha. Kiwavu kinabaki mtoni, mkono umeloweshwa, ndoana isiyo na mwiba inageuzwa, samaki anaondoka.

Saa saba na dakika arobaini niliangalia kijiti. Shina lilikuwa limelowa urefu wa ukucha. Huenda ni mto wenyewe, huenda ni mitambo. King'ora hakikuwa kimelia. Shemeji alikuwa ameshakunja mshipi.

Garini kamba za buti zilikuwa zimeganda, mafundo yamekuwa mawe, na suruali ya maji haivuliki buti likiwa bado mguuni. Nilijaribu meno. Nilijaribu koleo la ndoana. Shemeji alinitazama kwa muda, akafungua chupa ya chai ya tangawizi aliyoibania tangu alfajiri, akainamisha na kumimina juu ya kamba, nusu kikombe buti la kushoto, nusu la kulia.

“Hiyo ilikuwa yako,” akasema, akajimiminia iliyobaki.