Nairobi hadi Tiwi, barabara ilipofunguliwa

Marufuku ya kutoka na kuingia Nairobi na Mombasa, iliyowekwa kwa sababu ya korona, iliondolewa Julai 7, 2020, saa kumi alfajiri. Ilikuwa imetuzuia tangu mwanzoni mwa Aprili, na muda wote huo bibi yangu anayeishi Tiwi, pwani ya kusini mwa Mombasa, mgonjwa wa kisukari, alikuwa akiangaliwa na jirani. Nilimpigia simu usiku wa tangazo. "Njoo," akaniambia, "lakini usije mbio kama wenzio."

Nikamsikiliza. Stendi zilifurika siku zile za mwanzo, nami nikabaki nyumbani bila kukutana na watu mpaka msongamano ukapungua. Treni ya SGR ilipoanza tena Julai 13, marafiki walinishauri niipande, kwamba ni safi na ya haraka. Mimi nilitaka basi, kwa sababu madirisha yake yanafunguka. Siku mbili tu baada ya barabara kufunguliwa, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiri kwamba huenda virusi vinasambaa kwa hewa mahali palipojaa watu na pasipopitisha hewa. Mpaka hapo sote tulikuwa tumeshughulika zaidi na mikono. Mikono ni muhimu, lakini safari ya zaidi ya kilomita 480 ni saa nyingi za kuvuta pumzi ya jirani yako.

Tuliondoka asubuhi ili tufike kabla ya kafyu ya saa tatu usiku. Mlangoni walitupima joto kwenye paji la uso, wakatutilia sanitaiza na kuandika namba zetu za simu. Viti vya kuachwa wazi vilibandikwa alama ya X kwa utepe mwekundu. Nauli ilikuwa imepanda kwa sababu ya viti hivyo, na sikuona ubaya wa kuilipa.

Kufika Athi River, baridi ya Julai ikaingia kwa nguvu. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema, "Kijana, funga dirisha, tutapata nimonia humu."

"Samahani sana mama," nikamjibu, "hewa ikitembea ndiyo salama yetu sote. Nina bibi mgonjwa ninayemwendea."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bibi ana nini. Nilipomwambia, akajitanda leso yake mabegani na kumwita kondakta. Wakakubaliana madirisha ya mbele na ya nyuma yaachwe wazi upana wa kiganja, yale ya kati yafungwe. Tukaenda hivyo hadi mwisho. Tulipopita Voi, baridi ilikuwa imeisha na vumbi jekundu likachukua nafasi yake. Nilipobadilisha barakoa, ile ya kwanza ilikuwa na mstari wa kahawia pale inapokunjika puani, na upande wa ndani bado mweupe.

Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa ya safari ile haikuwa ndani ya basi. Ilikuwa Mtito Andei, kituo cha mapumziko kabla ya Voi. Watu waliokaa saa kadhaa wakitengana kwa kiti walishuka wakabanana kwenye kaunta ya chakula, barakoa zimeshuka kidevuni, kila mmoja akipaza sauti aagize chai na chapati. Njaa husahaulisha. Mimi nilikuwa nimebeba nduma, mayai ya kuchemsha na maji, nikala nje chini ya mti, mbali na moshi wa magari. Kipande cha sabuni nilikuwa nacho mfukoni, na chooni hakukuwa na nyingine.

Mombasa tuliingia jua likielekea kuzama. Kwenye kivuko cha Likoni palikuwa na foleni ndefu; daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 kupunguza msongamano huo, lilikuwa bado. Feri ya kwanza ilipojaa niliiacha iende. Kwenye ya pili nikasimama ukingoni, upepo wa bahari ukinipiga usoni. Matatu ya Tiwi ilibeba abiria wanane badala ya kumi na wanne, kama ilivyoagizwa.

Bibi alikuwa ameketi uani, chini ya mwembe. Kiti changu kilikuwa upande wa pili wa mti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ishia hapo hapo."

Kwetu mkubwa hubusiwa mkono, na mkono wake ulishaanza kunyanyuka kwa mazoea. Akaurudisha mapajani. Hilo liliniuma kuliko uchovu wote wa njia, na nadhani hata yeye lilimuuma, kwa sababu aliuliza habari za Nairobi haraka haraka bila kungoja majibu.

Alinipa chumba cha uani chenye mlango wake. Kwa wiki mbili tulikula nje, kila mtu na sahani yake, tukizungumza kwa sauti ya juu kidogo. Kumtazama miguu kama ana vidonda, kumsaidia kupima sukari, hayo jirani aliendelea nayo mpaka muda ukatimia. Majirani wengine walisema nimerudi na maringo ya mjini. Bibi akawajibu kwamba amri ni yake, na mgeni wao yeyote kutoka Nairobi wamfanyie vivyo hivyo.

Mwezi Agosti binamu yangu naye akataka kuja. Nilimwambia apande basi la asubuhi, abebe chakula chake na sabuni, na avae sweta mbili, ili baridi ya Athi River isimlazimishe kufunga dirisha.