Usiku wa Barafu, Kilimanjaro

Tulikuwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mgeni wetu alipoanza kuyumba kama mlevi na kusahau majina yetu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Ubongo ukivimba au mapafu yakijaa maji kwa sababu ya urefu wa mlima, tiba kubwa ni kumshusha mtu, usiku huohuo. Jamani, kichwa kikiuma msimfiche mwongozaji kwa hofu ya kukosa kilele!

Vijana wakamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, wakateremka naye juu ya mawe kuelekea Mweka kwa mwanga wa tochi za kichwani. Kulipopambazuka alikuwa anaongea vizuri. Oksijeni ilisaidia, lakini wapagazi ndio waliomwokoa, tena baada ya kubeba mizigo mchana kutwa. Ujira wao bado ni mdogo mno, na jambo hilo linaniuma sana.