Kibaba cha Baba

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani ya kuhesabu lita za maji ambazo watu wa nyumba moja hutumia kwa siku. Aliifanya kwa ukali wa karani wa kodi. Alisimama na kalamu mlangoni mwa bafu, akamhoji mama yake kuhusu mashine ya kufulia, na jioni akaniletea jumla: lita 640, watu wanne. Kisha akauliza, "Baba, na nyinyi kule Wesha, Pemba, mlikuwa mkitumia ngapi?" Nikamwambia kuwa tulikuwa watu 11 na tulichota madumu 10 kwa siku, yaani lita 200, nami nilikuwa na hakika kwa sababu wachotaji tulikuwa mimi na kaka yangu, na baiskeli moja isiyo na breki. Hakuniamini. Nikaenda kabatini nikamtolea kibaba.

Ni kopo la bati lililobonyea ubavuni, na pishi moja ni vibaba vinne. Mama alikuwa na chake cha kupimia mchele, na Ramadhani ikiisha ndicho kilichopima fitri, pishi moja kwa kila kichwa. Hiki nilichonacho kilikuwa cha Baba, na kazi yake ilikuwa udhu tu. Imepokewa kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja au zaidi kidogo, nasi kwetu mudi ni kibaba, kiasi cha robo tatu ya lita hivi. Basi Baba naye hakuvuka hapo. Neno "mazingira" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa na neno "israfu", yaani ubadhirifu, na hilo lilimtosha kututoa kisimani, kutufumbua ngumi zilizoficha makombo ya mkate, na kutuzimia kandili kabla hatujamaliza kusoma.

Mgeni alikuja mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya kisiwa cha Misali, kilicho karibu na kwetu, kutangazwa hifadhi. Nalitaja hili kwa sababu mtu asije akadhani Baba alikuwa adui wa uhifadhi. Sehemu ya miamba ilipofungwa wavuvi wengi walinung'unika, naye alikuwa amepiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kisiwani humo tangu ujana, lakini alinyamaza akatii. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika pwani ile akaomba msala wa kusalia, na wenyeji walipokosa wa kumpa akakionesha kile kisiwa, akasema hicho ndicho msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. "Mtu hachafui msala," Baba alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kijana huyu wa mjini, wa mradi ambao sitautaja, alikuja na jambo jingine. Aliketi barazani kwa adabu, akatoa shikamoo kwa kila mzee, akakunjua bango juu ya mkeka. Upande wa kushoto palichorwa nyumba ya makuti yenye watoto wengi na visiki vya miti. Upande wa kulia nyumba ya bati, watoto wawili, miti ya kijani, na gari. Akaeleza kwamba ardhi haiongezeki ilhali watu wanaongezeka. Wazee wakatazama chini. Baba, mwenye watoto tisa, alitazama bango muda mrefu, akasema, "Alasiri hiyo, mwanangu. Tusali kwanza." Kisha akaita jina langu nami nikaitika "Naam!" huku tayari nikikimbilia mtungi.

Mgeni nilimpa ndoo na kata, Baba kibaba chake, nao wakachuchumaa bega kwa bega chini ya mnazi. Mgeni alijimwagia kama wanavyojimwagia watu wote, maji yakatiririka yakafanya kijito hadi kwenye mgomba. Baba alikiinamisha kibaba hata maji yakatoka membamba kama uzi, akayapokea kiganjani, akasukutua, akapandisha puani, akapaka uso kutoka kwenye maoteo ya nywele hadi ndevuni. Kila kiungo alikirudia mara tatu, bila haraka, akisugua viwiko kama mtu anayesafisha chombo cha mtu mwingine. Mgeni alikuwa amekwisha kumaliza na alikuwa akikunjua suruali yake, lakini alisimama akamwangalia. Baba alipoosha mguu wa kushoto, akachokora kwa kidole kidogo katikati ya vidole vya mguu, kibabani palibaki funda moja. Akalimwagia mrehani uliokuwa kwenye debe karibu na mlango. Nilikuwa nimeuona udhu ule kila siku ya maisha yangu, lakini siku hiyo nilijiona nikivimba kifua, kana kwamba timu yetu imefunga bao.

Baada ya sala Baba ndiye aliyelirudia bango. "Hawa wa watoto wawili, gari hili ni lao?"

"Ndiyo, mzee. Wamefanikiwa."

"Na linakunywa nini?"

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. "Wangu tisa wanalala juu ya ukindu aliousuka mama yao mwenyewe. Nioneshe, mwanangu, walichokiharibu."

Nilitaka kisa kiishie hapo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikisimulia kikiishia hapo. Lakini yule kijana aliuliza kwa sauti ya chini, bila ujeuri wowote, "Mzee, kisima chenu kilianza lini kutia chumvi?" Hakuna aliyejibu. Kilikuwa na kiangazi cha pili kikitia chumvi. Nyumba zilikuwa zimeongezeka, visima vimechimbwa karibukaribu, na maji ya kunywa tulikuwa tukiyafuata mbali, ndiyo maana ya ile baiskeli. "Allahu aalam," Baba akasema hatimaye, akaagiza kahawa.

Mgeni aliliacha bango. Usiku mama aliniita uani akaniambia nimletee. Alilitandaza mapajani karibu na kibatari. Mama alikuwa na tisa hai na wawili aliowazika, na jambo la mchana alilisikia lote kutoka nyuma ya mlango. Alimwekea kidole yule mwanamke wa nyumba ya bati, akakaa naye hivyo kwa muda.

"Huyu kavaa viatu nyumbani kwake," akasema.

Nikangoja aendelee. Akalikunja, akanirudishia, akaniambia nikalale. Kesho yake Baba alilifanya jalada la daftari langu la hesabu, picha zikiwa upande wa ndani, maana kutupa karatasi nzima kama ile nako ni israfu.

Leo nina watoto wawili. Si kwa sababu ya bango; kodi ya nyumba ya Dar es Salaam ndiyo iliyonipangia uzazi. Nina gari, nina mashine ya kufulia, na tangi la choo chetu kila likivutwa mara moja linameza udhu wa Baba wa siku mbili. Ukitazama vizuri, yule mchoraji alikuwa amenichora mimi.

Binti yangu alitaka kujaribu. Nikajaza kibaba, tukatoka naye kibarazani, akaanza vizuri kabisa, ulimi nje kwa umakini. Maji yalimwishia kabla hajafika mguu wa kushoto.

"Babu aliwezaje?"

Nikamwambia arudie, amimine polepole zaidi. Akarudia, yakamwishia tena, na adhana ya magharibi ilikuwa ikikaribia kumalizika. Nikamfungulia bomba.